Sura ya 6: Ramani Zisizosemeshana

Mikoko ya Tanzania Bara ina ukubwa gani? Swali hili lina majibu kadhaa, na yote yametoka kwa watu wanaoijua kazi yao. Mpango wa usimamizi wa mikoko wa mwaka 1991, ulioandaliwa na mwanasayansi Adelaida Semesi, ulitegemea picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege na ukapata takribani hekta 115,000. Watafiti waliolinganisha picha za setilaiti ya Landsat za miaka ya karibu na 1990 na zile za mwaka 2000 walipata kama hekta 109,000 kwa picha za kwanza na 108,000 kwa picha za pili. Kisha tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, ambayo matokeo yake yalitoka mwaka 2015, ikatoa hekta zipatazo 158,000.

Zipange namba hizo kwenye jedwali moja kwa kufuata miaka. Jedwali litakuambia kwamba mikoko ilipungua kidogo, halafu ndani ya miaka kumi na mitano ikaongezeka kwa karibu nusu. Mkazi wa Kaole au Mlingotini, wilayani Bagamoyo, ambaye ameona nguzo zikikatwa na mabwawa ya chumvi yakichimbwa, atakuuliza hiyo mikoko mipya imeota wapi. Na wizarani kuna mtu ambaye ataichukua tofauti hiyo, aiingize kwenye hotuba, na nchi itapongezwa kwa kazi ambayo hakuna aliyeifanya.

Katika mlolongo huo hakuna aliyedanganya. Kila timu ilihesabu kitu chake kwa kipimo chake. Mifereji ya maji iliyo katikati ya mikoko ilihesabiwa au iliachwa? Kipande cha msitu chenye ukubwa wa kiwanja cha mpira kilionekana, au kilikuwa kidogo mno kwa picha iliyotumika? Eneo lenye mchu mmoja mmoja, katikati ya ardhi nyeupe ya chumvi, liliitwa msitu au liliitwa uwanda? Majibu ya maswali haya ndiyo yanayoamua kama namba mbili zinaweza kutolewa, moja kutoka kwa nyingine. Zile mbili za Landsat zinaweza, kwa sababu zilipatikana kwa njia moja, mikononi mwa watu walewale. Nyingine haziwezi.

Kwenye mwambao wa Bagamoyo jambo hili lina undani zaidi, na undani wenyewe uko kwenye maji. Kila setilaiti ya Landsat hupita juu ya pwani yetu kila baada ya siku 16, katikati ya asubuhi, karibu saa nne. Wanawake wanaokwenda kuchokoa pweza wanajua maana ya saa hiyo: siku za bamvua, saa nne asubuhi maji yamekupwa, ufuko umejianika mbali, na mizizi ya mililana, mikoko iliyo mstari wa mbele baharini, iko wazi. Siku za maji mafu, saa hiyohiyo bahari haijaondoka. Picha mbili za mlango wa mto Ruvu zilizopigwa kwa kupishana wiki moja tu zinaweza kuonyesha pwani mbili: moja yenye tope kubwa jeusi mbele ya mikoko, nyingine yenye maji hadi kwenye majani. Mashine inayochambua rangi haijui bamvua. Asiyeandika siku na saa ya picha amemnyima msomaji wake kitu ambacho mvuvi yeyote wa Bagamoyo angekiuliza kwanza.

Hayo maandishi yanayoambatana na data, yanayosema nani amepima, lini, kwa chombo gani, kwa kuanzia wapi na kwa ruhusa ya nani, ndiyo yanayoitwa metadata. Na pale ofisi nyingi zinapokubaliana kuandika metadata kwa namna moja, kuziweka kwenye orodha inayoonekana na wote, na kupeana data kwa utaratibu unaojulikana, hapo ndipo panapozaliwa kile wataalamu wanachokiita miundombinu ya taarifa za kijiografia. Watu wakisikia miundombinu hufikiria seva na nyaya. Hivyo vinahitajika. Lakini kwa maoni yangu sehemu kubwa ya kazi hii ni makubaliano, na Bagamoyo ni mahali pazuri pa kuyaelewa makubaliano ya aina hiyo.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilitembea na vipimo vilivyojulikana njia nzima. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, uzito wa kama kilo 16. Nguo ilihesabiwa kwa mkono, shuka na doti: mikono minne ni shuka moja, shuka mbili ni doti moja, yaani yadi nne. Mfanyabiashara wa Zanzibar aliyemkopesha mwenye msafara doti elfu moja za nguo ya merikani na mtemi wa bara aliyedai hongo, yaani ushuru wa kupita, ya doti kumi hawakuwahi kuonana, lakini walizungumza kipimo kimoja. Mkono wa mtu hutofautiana na wa mwenzake, na mabishano hayakukosekana. Hata hivyo palikuwa na kipimo cha kubishania. Data zetu za kijiografia leo, katika pwani hiyohiyo, mara nyingi hazijafika hata hapo.

Tuchukue jambo la msingi kuliko yote: mahali. Karatasi za ramani za 1:50,000 ambazo bado zinatundikwa kwenye kuta za ofisi nyingi za wilaya zilichorwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960. Mfumo huo ulitokana na kazi ndefu ya upimaji kufuata meridiani ya 30, kazi iliyoanzishwa na mnajimu David Gill huko Afrika Kusini katika karne ya 19 na kukamilika mwaka 1954. Chimbuko lake ni nguzo iliyoko Buffelsfontein, Afrika Kusini, na umbo la dunia linalotumika humo ni lile lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. Kwa wakati wake ilikuwa kazi ya kujivunia. GPS iliyo kwenye simu, kwa upande wake, hutumia mfumo wa WGS84, ambao unaanzia kwenye kitovu cha dunia.

Tuseme jiwe la mpaka lililoko Bagamoyo mjini limeandikwa kwenye faili la zamani kwa namba 488,900 mashariki na 9,288,450 kaskazini. Simama na GPS juu ya jiwe hilohilo, bila kulisogeza hata kidogo. Chombo kitasoma takribani 489,000 na 9,288,150. Kuna tofauti ya mita 300 hivi kwa kaskazini na karibu 100 kwa mashariki. Sasa mchukue kijana aliyetoka chuoni, mpe namba za faili bila kumwambia ni za mfumo gani, naye aziingize kwenye kompyuta kama namba za GPS. Jiwe litahamia kaskazini mita 300. Kwa kuwa bahari ya Bagamoyo iko kaskazini mashariki mwa mji, kiwanja cha ufukweni kitatua majini. Kwa cha ufukweni angalau kosa litaonekana. Kiwanja cha Kiromo au Kerege kitatua juu ya kiwanja cha mtu mwingine, hakuna atakayegundua, na hati itatoka.

Kinachoweza kuzuia hayo ni tarakimu tano. Katika orodha ya kimataifa ya mifumo ya majira ya nukta, iitwayo EPSG, Arc 1960 kwa ukanda wetu wa 37 kusini ni 21037, na WGS84 kwa ukanda huohuo ni 32737. Tarakimu hizo zikiwepo kwenye faili, programu yoyote ya ramani itageuza namba za zamani kuwa mpya. Zisipokuwepo, tutabaki na kumbukumbu ya mzee aliyefanya upimaji, kama bado yupo kazini, kama bado yupo hai. Serikali imekwisha kujenga mfumo mpya wa taifa, TAREF11, unaoendana na vipimo vya setilaiti kwa tofauti ndogo ambayo simu haiwezi kuiona. Hilo ni jema. Lakini mfumo mpya hauzifuti karatasi za zamani. Unaongeza jina la tatu kwenye orodha ya mambo ambayo lazima yaandikwe.

Urefu nao una mambo yake. Mwinuko wa nchi kavu, ule unaouona kwenye mistari ya kontua, huhesabiwa kutoka kwenye wastani wa usawa wa bahari. Kina cha bahari kwenye ramani za mabaharia huhesabiwa kutoka kwenye maji yaliyokupwa kabisa, ili nahodha asije akadanganywa na ramani akapanda mwamba. Ni busara kwa kila upande. Lakini kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua pwani hii bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo sifuri ya ramani ya nchi kavu na sifuri ya ramani ya bahari zimeachana kwa mita na ushee. Mhandisi anayeunganisha ramani hizo mbili ili ajue maji yatafika wapi siku ya bamvua kubwa, bila kuuliza kila moja imeanzia kwenye sifuri gani, atakosea kwa kimo cha mtoto. Katika mji ambao barabara yake ya kwanza iko hatua chache kutoka ufukweni, kimo hicho ndicho kinachotenganisha nyumba kavu na nyumba iliyoingia maji.

Majina ya mahali huleta taabu nyingine, iliyo rahisi kuieleza na ngumu kuitibu. Mto Ruvu ambao mlango wake uko karibu na mji wa Bagamoyo uliandikwa Kingani na wasafiri wa karne ya 19. Kwa hiyo anayetafuta rekodi za zamani za mto huo kwa jina la Ruvu atazikosa. Anayetafuta rekodi za sasa, kinyume chake, atapata nyingi kupita kiasi, kwa sababu kuna Ruvu nyingine kaskazini, inayotoka Ziwa Jipe kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu na kuwa sehemu ya mto Pangani. Magomeni iko Bagamoyo, iko Dar es Salaam, iko Unguja. Mbweni iko Dar es Salaam na iko Unguja. Saadani huandikwa Sadani kwenye ramani nyingi za zamani. Mtu aliyezaliwa hapa hatapotea. Kompyuta itapotea mara moja.

Mipaka nayo huhama. Sensa ya mwaka 2012 iliipa wilaya ya Bagamoyo watu zaidi ya 311,000. Sensa ya 2022 ikaipa halmashauri ya Bagamoyo watu laki mbili na kidogo. Mtu wa mbali atadhani watu wamekimbia, wakati tunaoishi ukanda huu tunaona viwanja vinavyojaa kuanzia Bunju hadi Mapinga na kuendelea. Kilichotokea ni kwamba Chalinze ilijitenga na kuwa halmashauri yake, ikaondoka na sehemu kubwa ya ardhi na ya watu. Tarehe ya mpaka ni metadata. Bila hiyo, neno Bagamoyo kwenye jedwali halina maana moja.

Kwa nini yote haya yawe ya kikanda, na yasiishie kwenye halmashauri moja yenye afisa makini? Kwa sababu ya maji. Ruvu inaanzia milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, na ndiyo inayolisha Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Chini, ulioko upande wa Bagamoyo, umekuwa ukisukuma maji kwenda jijini tangu mwaka 1976. Mwishoni mwa mwaka 2022, mvua zilipochelewa na mto ukapungua, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao wa maji. Siku kama hizo unataka kuona kwenye ramani moja mvua iliyonyesha Morogoro, mashamba yanayomwagilia njiani, vibali vya kuchukua maji, kina cha mto, mahali maji ya chumvi yalipofika kutoka baharini, na mitaa ya jiji inayotegemea bomba lipi. Mvua iko kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Vibali viko kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, Morogoro. Mabomba yako DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Mashamba yako kwenye halmashauri, kila moja kwa namna yake. Mto mmoja, mikoa mitatu, ofisi nyingi, na kila ofisi ina ramani nzuri ambayo haisemeshani na ya jirani.

Dunia imelihangaikia jambo hili kwa muda mrefu. Mwezi Aprili 1994 rais Bill Clinton wa Marekani alitia saini amri ya kuzitaka idara za serikali yake ziandike metadata kwa kiwango kimoja, na ziangalie kwanza kama data tayari zipo kabla ya kutumia fedha za umma kukusanya upya. Mwaka 2003 Shirika la Viwango la Kimataifa lilitoa ISO 19115, kiwango cha metadata za kijiografia, likakirekebisha mwaka 2014. Umoja wa Ulaya ulifanya miundombinu hii kuwa sheria mwaka 2007, kwa maagizo yanayoitwa INSPIRE. Nayasema haya kwa haraka kwa sababu kiwango hakikosekani. Kimeandikwa, kimejaribiwa, na programu za kukitumia, kama GeoNetwork iliyoanzia kwenye shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, ni za bure.

Afrika Mashariki nayo haikukaa kimya. Kituo cha kikanda cha ramani kilichoko Nairobi, RCMRD, kiliundwa mwaka 1975 chini ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika na uliokuwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Tanzania ni mwanachama. Wanasayansi wa bahari wa pwani ya Afrika, wakisaidiwa na UNESCO, walitengeneza atlasi ya pamoja ya bahari ya Afrika. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni Africover, mradi wa FAO uliogharamiwa na Italia kuanzia mwaka 1995, ulioichora ardhi ya nchi kumi, kutoka Misri hadi Tanzania. Uzuri wake hauko kwenye rangi za ramani. Uko kwenye kazi iliyofanyika kabla ya kuchora: wataalamu walikaa wakakubaliana msitu ni nini, kwa kimo cha mti na kwa asilimia ya ardhi iliyofunikwa na majani, badala ya kila nchi kuleta neno lake. Mchoraji wa Uganda na mchoraji wa Tanzania wakaweza kuweka karatasi zao ubavu kwa ubavu na msitu ukaendelea kuwa msitu ng'ambo ya mpaka. Hilo ndilo lililokosekana kwenye hesabu za mikoko nilizoanza nazo.

Mfano wa pili uko Dar es Salaam. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa kata zinazofurika, walichora mitaro, vichochoro na nyumba na kuziweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na kuitumia. Watu wengi husifu droni na vijana waliovaa fulana za mradi. Mimi nasifu kitu kisichoonekana. Kwenye OpenStreetMap kila mstari unaochorwa hujiandikia wenyewe jina la akaunti ya aliyechora na saa aliyochora, na kila badiliko huhifadhiwa. Hakuna aliyelazimika kukumbuka kujaza fomu. Mtaro uliochorwa mwaka 2015 na ukahaririwa baadaye una historia yake yote ndani yake. Mwaka uliofuata Zanzibar nayo ilianza kupiga picha Unguja na Pemba nzima kwa ndege zisizo na rubani, kazi iliyoihusisha Kamisheni ya Ardhi, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Bagamoyo, iliyo katikati ya juhudi hizo mbili na inayotazamana na Unguja, ina majirani wa kujifunza kwao pande zote mbili za mkondo.

Ugumu, basi, uko wapi? Uko kwenye kabati. Afisa aliyetumia miaka kukusanya data za wilaya yake huogopa kuzitoa. Anaogopa makosa yake yataonekana, anaogopa mtu mwingine atapata sifa, na anajua pia kwamba mgeni akija kuomba data hizo ndipo ofisi yake inapokumbukwa. Hofu hizi si za kudharauliwa. Nyingine ni za haki kabisa: ramani ya viota vya kasa pale Saadani ikitoka hadharani, wa kwanza kuitumia atakuwa mwizi wa mayai. Majina ya wenye mashamba yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni sawa yalindwe.

Lakini metadata si data. Ofisi inaweza kutangaza kwamba ina ramani ya viota vya kasa kutoka mlango wa Wami hadi Mkwaja, iliyokusanywa miaka fulani, kwa njia fulani, na kwamba anayeihitaji aandike barua kwa mhifadhi, bila kuonyesha kiota hata kimoja. Orodha ya namna hiyo inatosha kumzuia mtafiti asiombe fedha za kupima upya kilichokwisha kupimwa. Inatosha kumwambia mpangaji wa barabara kwamba pale anapotaka kupita kuna kitu cha kuuliza. Nashikilia kwamba mikoa ya Pwani na Tanga ingefaa kuanza na hili, kabla ya seva, kabla ya jengo, kabla ya jina refu la mradi: kila ofisi itoe orodha ya ilichonacho, kwa Kiswahili, kwa vipengele vilevile. Kabati lenyewe lifuate baadaye, kwa masharti yake.

Vipengele vyenyewe si vingi. Chukua ramani ya mikoko ya mlango wa Ruvu. Lebo yake ingesema hivi: mikoko, mlango wa mto Ruvu unaotoka Uluguru, wilaya ya Bagamoyo kwa mipaka ya mwaka fulani. Imechorwa kutoka kwenye picha ya setilaiti ya siku fulani, saa nne asubuhi, maji yamekupwa, bamvua. Msitu ni mahali ambapo majani yamefunika zaidi ya asilimia kadhaa ya ardhi. Mashamba ya chumvi ya Nunge hayakuhesabiwa. Mifereji yenye upana unaozidi mita 30 imetolewa. Imehakikiwa kwa miguu na kwa mtumbwi katika vituo kadhaa, pamoja na wavuvi waliotambua mkoko, mchu, msinzi, mkandaa na mkomafi. Mfumo wa majira ni 32737. Imeandaliwa na ofisi fulani, ambayo ndiyo ya kuulizwa. Inaweza kutumiwa na yeyote kwa kupanga matumizi ya ardhi, isitumike kuamua mpaka wa kiwanja.

Ni nusu ukurasa. Aliyefanya kazi ile anaweza kuiandika jioni moja, wakati tope bado liko kwenye buti zake. Baada ya mwaka mmoja hataweza, na baada ya kuhamishwa hakuna atakayeweza. Ndiyo maana kuiacha metadata hadi mwisho wa mradi, kama inavyofanyika mara nyingi, ni sawa na kuamua isiandikwe. Mfadhili anayelipia droni na mafunzo lakini halipii jioni hiyo amenunua data za miaka miwili mitatu tu.

Sentensi ya mwisho ya lebo ile, inayosema ramani isitumike kwa nini, ni ya kupiganiwa kuliko zote. Ramani huchorwa kwa kusudi moja na kutumiwa kwa jingine, na wanaoumia huwa ni watu wa kijijini. Saadani ilipopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ubishi kuhusu mpaka wake na wakazi wa Uvinje ukaendelea kwa miaka mingi. Sidai kwamba metadata ingeumaliza mgogoro kama huo, kwa kuwa ndani yake kuna madai ya haki na ya historia ambayo hayajibiwi na namba. Ila mzee wa kijiji anayewekewa mbele mstari uliochorwa kwenye karatasi anastahili kujua mstari huo ulitoka wapi: nani aliupima, au kama ulichorwa mezani kwenye ramani ya 1:250,000, ambako unene wa kalamu tu, nusu milimita, ni zaidi ya mita 120 za ardhi. Kwenye mita 120 kuna nyumba, visima na makaburi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu nguvu juu ya ardhi yao, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inataka mipango hiyo ipite kwao. Kwa hiyo ewe msomaji uliye kwenye kamati ya ardhi ya Zinga, Makurunge, Mkwaja au kijiji chochote cha pwani hii, ukiletewa ramani utie muhuri, uliza kwanza: imepimwa lini, na nani, kwa mfumo gani, na imetengenezwa kwa kazi gani? Wakijibu, taka majibu yaandikwe juu ya karatasi yenyewe kabla hujasaini. Wakishindwa kujibu, warudishie ramani yao.